Usiku Tulipopoza Bahari kama Chai

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgao. Aliyekuwa Dar wakati ule hahitaji kusimuliwa: maji yamepungua kwenye bwawa la umeme la Mtera, umeme unakatika kwa zamu, na kila duka la Kariakoo lina kijenereta mlangoni kinachonguruma mpaka muuzaji anakutajia bei kwa vidole. Mimi nilikuwa nimepanga Temeke, vyumba viwili na sebule, na ndani ya sebule hiyo nilikuwa nafuga bahari.

Nasema bahari kweli, si samaki wa maji baridi wa kwenye bakuli. Tangi la kioo la lita 80 hivi, sentimita 60 kwa 35 kwa 40. Fundi vioo aliyeliunga nilimkatalia silikoni ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni, maana dawa yake inaua samaki. Akaniona mjuaji, lakini akaunga na ile ya kawaida, tukaliacha wiki nzima mpaka harufu ya siki ikaisha. Mawe ya ndani yalikuwa ya matumbawe makavu, niliyoyaokota kwenye ukuta wa nyumba ya zamani iliyobomolewa mtaa wa pili. Usinitazame vibaya: visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe hai ya kule hayaguswi. Mawe ya ukutani hayakuwa na mwenyewe zaidi ya kuku waliokuwa wakiyaparua.

Maji niliyafuata Kigamboni, upande wa bahari kuu kule Mjimwema, mbali na meli na mafuta ya bandarini. Daraja halikuwepo bado, lilikuja kufunguliwa 2016, kwa hiyo kila safari ilikuwa ya pantoni, na mtu anayevuka na madumu mawili ya maji ya chumvi hakosi maswali. Wengi waliamini nimetumwa na mganga. Mama mmoja alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekumbuka kuchota kwenye wimbi la saba, maana la sita halifanyi kazi.

Tangi lilipojaa, nikatumbukiza kamba mbichi mmoja aoze. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kunitilia shaka. Nikamweleza kwamba kamba akioza anatoa amonia, ambayo ni sumu. Wanazaliwa bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Halafu wanakuja wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia. Bakteria hao wanakaa kwenye mawe na kwenye chujio, na bila wao hakuna kitu kitakachoishi. Wiki sita sebule ilinuka soko la samaki la Feri. Alivumilia. Sijui kama mimi ningevumilia.

Wakazi walikuja mmojammoja, kutoka kwa mtu aliyekuwa na kibali cha samaki wa mapambo na alikuwa anafunga biashara. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni, kamba mwekundu mwenye ndevu nyeupe ndefu, konokono wanne wa kula mwani, na shina la matumbawe laini, yale yasiyojenga jiwe. Hayo matumbawe ndiyo yaliyonitia wazimu. Kila tawi lina vikono vidogo vyenye vidole kama manyoya, na mchana kutwa vinafumba na kufumbua, vinafumba na kufumbua, bila mtu kuviambia. Nilikuwa natoka kazini, nakaa mbele yake na viatu miguuni, chai inapoa.

Mwezi wa pili mama mkwe akaja kutoka Kilwa kumwona mjukuu. Yeye ni mtoto wa mvuvi, kakulia ngalawani. Aliliangalia tangi muda mrefu, akauliza kama samaki hawa wanaliwa. Nikasema hapana, Mama. Akauliza kama wanauzwa. Nikasema hapana. Akasema, "Haya baba," na hakuliangalia tena kwa siku tatu.

Siku ya nne umeme uliondoka saa 1 usiku. Kwa zamu ya mtaa wetu ulitakiwa kurudi saa 5. Nilikuwa na inveta na betri ya gari kwa ajili ya shida kama hiyo, ila betri ilikuwa kwa fundi inachajiwa, na fundi kashafunga kibanda kaenda kwao. Sikuhangaika sana. Kukaa saa nne bila umeme, tangi linaweza kustahimili. Nikatia chupa ya barafu iliyofungwa vizuri ielee juu ya maji, nikalala kwenye kochi.

Nilipoamka ilikuwa saa 6 imepita na giza ni lilelile. Nikawasha tochi ya simu. Vikono vyote vilikuwa vimelala upande mmoja, kama mchicha uliochemshwa. Samaki walikuwa juu kabisa, vinywa vinagusa uso wa maji. Kipimajoto kinasoma 31. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi, na usiku mwani unaoishi ndani ya matumbawe hautoi hewa, nao unavuta kama sisi. Pampu ndiyo iliyokuwa inavuruga uso wa maji hewa iingie, na pampu imekufa.

Nikachukua kikombe cha plastiki nikaanza kuchota na kumwaga. Nimevaa fulana ya ndani na shuka, jasho linanitiririka, na hapo ndipo mlango wa chumba ulipofunguka. Mwenye mkwe ataelewa. Nilitafuta pa kujificha sikupaona.

"Unateka maji saa hizi?"

"Wanakosa hewa, Mama. Umeme haujarudi."

Alijifunga khanga vizuri, akasogea. Alisimama akinitazama, kisha akaenda jikoni, nikasikia vyombo. Alirudi na kata, kata ya kifuu cha nazi ambayo mke wangu anaitumia kwenye mtungi.

"Wewe unayapiga makofi maji. Yanyanyue. Hujawahi kupoza chai?"

Akachota, akainua mkono mpaka usawa wa bega, akamwaga uzi mwembamba uliotoboa uso wa maji na kushuka na mapovu mpaka chini kwenye mawe. Akarudia. Hakuwa na haraka. Baada ya robo saa hivi samaki mkubwa alishuka shubiri moja.

Tulichota kwa zamu. Yeye kigodani, mimi sakafuni, katikati yetu mshumaa kwenye kisosi. Mwanzoni hatukuzungumza, maana mkwe na mkwe usiku wa manane wana nini cha kuzungumza? Nje jenereta za majirani zilizima moja baada ya nyingine mafuta yalipokwisha, mpaka tukabaki na sauti ya maji yanayomwagika tu.

Kwenye saa 8 nilichukua chupa ya maji ya kunywa nikaongeza kidogo kwenye tangi, maana yalikuwa yamepungua tangu asubuhi. Akashtuka. "Bahari unaitia maji ya kunywa?" Nikamwambia yanayopaa hewani ni maji matupu, chumvi inabaki, nikijazia ya bahari kila siku, chumvi itazidi mpaka iwaue. Alitafakari. "Kama kwenye mashamba ya chumvi," akasema. Ndiyo Mama, vilevile. Kule kwao wanafungia maji ya bahari kwenye majaruba, jua linayanywa, wanabaki na chumvi ya kukwangua. Mimi nilihitaji mwezi mzima wa kusoma kulielewa jambo hilo.

Nikapata moyo, nikamwonyesha samaki mkubwa. "Huyu ni jike. Ila hawa wote wanazaliwa madume. Mkubwa wao ndiye anayegeuka jike. Akifa, yule mdogo atashika nafasi yake, naye awe jike."

Kata ilisimama hewani.

"Astaghfirullah."

Akamwaga. Akachota tena. Baada ya kata kama kumi akauliza, "Na huyu mdogo anajua?"

Umeme ulirudi saa 11 alfajiri. Taa iliwaka, feni ikazunguka, mtaa mzima watoto wakapiga kelele kama goli limeingia, na mimi nikapiga kelele pamoja nao. Samaki wote wawili wazima, kamba mzima, ndevu zinapunga. Mama akaweka kata chini, akanyoosha mgongo. Kisha akanusa.

"Nani kavunja yai viza?"

Ni mimi. Chujio langu lilikuwa la kopo, lile linalokaa chini ya meza, linavuta maji, linayapitisha kwenye sponji zenye bakteria na kuyarudisha juu. Maji yakisimama ndani ya kopo, bakteria wanamaliza hewa na kufa, na mahali pao panachukuliwa na wengine wanaotengeneza gesi ya mayai viza. Saa kumi zote ambazo umeme haukuwepo, sisi tukihangaika juu, kule chini kulikuwa kunaiva sumu. Kitu cha kwanza umeme ukikatika ni kuchomoa chujio kwenye soketi, ili ukirudi usiliwashe kabla hujaliosha. Nilikijua hicho. Nilikuwa nimekisoma mara mbili. Sikukifanya. Umeme uliporudi, kopo lilimwaga uchafu wake wote ndani ya tangi kwa dakika moja, na mimi nashangilia.

Nilichomoa. Maji yalikuwa yameshageuka kama ya kuoshea mchele. Nilikuwa na dumu moja tu la akiba; nikanyonya lita 20 kwa mpira na kutia hizo 20, nikampa Mama kata bila hata kumwomba. Kamba alilala ubavu, akarusha miguu mara mbili, akaacha. Matumbawe laini yalianza kuyeyuka kuanzia juu, ute mweupe unaning'inia. Robo ya lita 80 haikutosha. Nilihitaji maji mengine, mengi, siku hiyohiyo.

"Leo mwezi mwandamo una siku nane," Mama akasema bila kunitazama, mkono wake unapanda na kushuka. "Maji mafu, hayapandi sana. Yatajaa saa 4 hivi. Usichote kabla, utaleta tope."

Nilipiga simu kazini nikasema nina msiba. Nusu ilikuwa kweli. Nikavuka na madumu mawili matupu na pantoni la saa 2, nikafika Mjimwema, nikakaa kwenye mchanga nikisubiri. Saa 4 kasoro maji yalikuwa yamepanda mpaka mstari wa mwani, yametulia, meupe mpaka unaona vidole vya miguu. Nikaingia mpaka kiunoni na kuchota. Haidromita, kile kipimo cha chumvi, ikasoma 1.025. Kurudi, kijana wa pantoni alinisaidia dumu moja akaniambia, "Pole mzee, itapona tu." Sikujua anazungumzia nini. Nikasema asante.

Nilifika nyumbani adhuhuri. Mke wangu alikuwa ameshaliosha chujio uani kwa maji ya lile dumu la akiba yaliyobaki chini, kama nilivyomwelekeza kwa simu, maana maji ya bomba yana klorini na yangewamaliza bakteria waliobakia. Sebuleni umeme upo, pampu ndogo inazunguka, feni inapuliza. Samaki walikuwa kwenye pembe yao, jike mbele na mdogo nyuma. Kwenye shina la matumbawe, tawi moja la chini lilikuwa bado limesimama, na vikono vyake vitatu au vinne vinafumba, polepole, na kufumbua.

Mama alikuwa palepale kigodani, khanga ileile, anachota na kumwaga.

"Umeme upo, Mama," nikasema. "Pumzika sasa."

"Naujua huo," akasema, na akainua kata.