Matundu ya vifungo

Juzi Jumapili jioni mjukuu wangu kaja na shati la shule mkononi, jipya kabisa, nimemnunulia pale Sabasaba hata wiki tatu hazijaisha, tundu la kifungo cha pili limeshafumuka uzi unaning'inia. Akaniuliza, "Bibi, kwani hapa Dodoma hakuna watu wanaoshona mashati?" Nikageuza kola nikaangalia lebo, China. Nikamwambia walikuwepo, nenda kaniletee sindano. Akaenda. Mimi nikabaki nimelishika lile shati na akili ikarudi mwezi wa kumi na moja mwaka 1993, uwanja wa kiwanda chetu cha mashati hapahapa Dodoma, upepo na vumbi kama kawaida yetu huku, na mama wa matundu kanishika mkono.

Habari za kiwanda kwa ujumla nimeshazisema sana, leo nataka niiseme siku ile tu, maana sijawahi kuisema yote.

Mimi nilikuwa mstari wa kola. Miaka sita kola tu, sijawahi kushona mkono wala mfuko, shati likifika kwangu halina shingo likitoka lina shingo. Baada yangu lilipitia kwa wawili watatu halafu kwa mama wa matundu, tulimwita hivohivo mpaka meneja alimwita hivohivo. Mashine ya matundu ilikuwa moja kiwanda kizima. Inazungushia uzi kwanza, kisha kisu kinashuka kinapasua katikati. Sasa kile kisu kilikuwa butu, kilishaombwa kingine mara nyingi hakuna, kikishuka badala ya kukata kinatafuna, pembeni panabaki nyuzi nyuzi. Basi yule mama alikuwa kila tundu analimalizia kwa mkono, mishono mitatu ya kukingama kwenye ncha, mitatu, sio miwili sio minne, anaikaza na kuikata kwa meno. Shati moja matundu saba, na kwa siku sijui alikuwa anapitisha mashati mangapi. Hakuna aliyemtuma. Alisema tundu likifumuka mtoto atachapwa shuleni kwa kwenda kifua wazi. Ukikuta shati la shule mtaani, popote Dodoma hii, ukaangalia matundu yake, ulikuwa unajua limetoka kwetu.

Kwa nini kisu hakikuwepo, hapo ndipo watu huwa hawanielewi wanadhani ni uzembe tu. Kisu kilitoka nje. Sindano zilitoka nje, mikanda ya mashine ilitoka nje, vyote vinanunuliwa kwa dola, na dola hiyo ambayo mwaka 1985 ilikuwa kama shilingi 17 hivi, kufika mwishoni mwa 1993 ilishapita 400. Baada ya yale makubaliano ya 1986 na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilikuwa inashuka tu. Wengine waliona ni mambo ya benki, mimi niliyaona kwenye kisu cha mashine ya matundu. Kitambaa nacho, cha hapahapa nchini, kikawa kinapanda bei na kinachelewa, kwa sababu viwanda vya nguo vilikuwa na shida hizohizo zetu, vipuri, umeme, madeni. Shati letu likifika dukani ni shilingi 1,800. Mnadani la mtumba 300.

Na mitumba yenyewe tusidanganyane, watu waliifurahia na mimi nilikuwa mmojawao. Aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya themanini anakumbuka. Kanga doti moja unakwenda kupanga foleni duka la RTC, duka la serikali, alfajiri, jua linapanda, unafika dirishani unaambiwa zimeisha. Mama yangu alikuwa na gauni moja la kanisani, likifuliwa Jumamosi lisipokauka haendi. Bajeti ya 1984 ndiyo ikalegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa, na ndani ya muda mfupi kafa Ulaya, ndivyo tulivyoiita mitumba, imejaa minadani. Watoto waliokuwa wanaenda shule na kaptula zenye matobo wakapata suruali. Siwezi kusimama leo nikasema lile lilikuwa jambo baya, hapana, nilikuwepo.

Chama cha wafanyakazi je? Baba alikuwa relini, enzi zake NUTA, na alikuwa anaitunza kadi yake ndani ya Biblia. Mimi naajiriwa ni JUWATA, ilipofika 1991 ikawa OTTU. Wenzangu wakanichagua katibu wa tawi kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu nilishawahi kumjibu msimamizi mbele za watu juu ya mjamzito aliyenyimwa kukaa. Nilikipenda kile cheo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Basi siku hiyo. Mishahara ya miezi miwili haijatoka. Meneja kaitisha kikao cha wote, na bwana mmoja kaja kutoka mkoani, wametuletea mambo mawili tuchague, ama tukubali nusu mshahara mpaka oda zirudi, ama kiwanda kifungwe tupewe kiinua mgongo. Sisi wa tawi tulikuwa na la tatu. Niliandika barua usiku kucha kwa kibatari, kurasa tatu, tunaomba sare zote zinazonunuliwa kwa fedha ya umma mkoani, za shule za bweni, za hospitali, za mgambo, zishonwe hapa kwanza kabla ya kununuliwa kwingine. Hatukuomba msaada, tuliomba kazi. Nilitakiwa niisome, watu wanyooshe mikono, halafu nimkabidhi yule bwana mbele ya wote asiweze kusema hakuiona.

Meza ya kukatia ilitolewa nje ikawekwa chini ya mwarobaini nikapanda juu yake. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu, laini, mwisho wa mkono ina vifungo viwili vidogo rangi ya maziwa. Niliichagua asubuhi maana nilijua nitasimama mbele za watu.

Kabla ya kusoma nikaona niwachangamshe kwanza. Nikawaambia ndugu zangu, mnajua kinachotutoa kazini, ni nguo za nje, kila anayenunua mtumba anaondoa ugali kwenye sahani ya mwenzake aliyekaa hapa. Wakapiga makofi, akina dada wa overloki wakapiga vigelegele, na mimi sauti ikapanda zaidi, nikairudia ile ya ugali. Ndipo nikamuona mama wa matundu anainuka.

Aliinuka taratibu, magoti yalikuwa yanamsumbua. Akajifunga kanga yake vizuri, akaja mpaka kwenye meza. Nikadhani anataka kuongea, na nilifurahi, kwa sababu watu wazima pale walikuwa hawaongei kwenye vikao, nikainama nikampa mkono nimvute apande. Akaushika, lakini hakupanda. Akaugeuza mkono wangu kiganja kikaangalia juu. Macho yake yalishaanza kuharibika kwa ile kazi, kwa hiyo akausogeza karibu kabisa na uso, nikasikia pumzi yake kwenye kifundo, na kidole gumba chake, kile chenye ngozi ngumu iliyotobolewatobolewa na sindano, kikapita juu ya tundu la kwanza, kikarudi, kikapita la pili. Akakifungua kifungo kimoja akaangalia ndani. Hapakuwa na ile mishono mitatu.

"Mwanangu," akasema, "matundu haya siyo yangu."

Hakusema kwa sauti kubwa. Waliokuwa mbele ndio waliosikia, wakawageukia wa nyuma yao wakawaambia, na wale wakawageukia wengine, na mimi niko juu ya meza naliona lile neno linavyokwenda mpaka kule kwenye ukuta walikokaa vijana wa kupiga pasi. Hakuna aliyecheka. Wangecheka labda ningejibu. Yeye akakifunga tena kile kifungo, akaulaza mkono wa blauzi vizuri kama anavyomaliza kazi, akarudi kukaa.

Nilikuwa na sababu zangu. Miezi miwili sina mshahara, nina mtoto, na shati letu sisi wenyewe wafanyakazi tulikuwa tunauziwa bei ileile ya dukani. Na nilipotupa macho kwenye lile kundi, watu kama mia na arobaini, niliona nusu yao wamevaa kama mimi. Ningeweza kuyasema hayo. Pengine hayo ndiyo yangekuwa maneno ya kweli kuliko yote ya siku ile, kwamba sisi tunaoshona mashati hatuwezi kununua shati. Lakini nilisema tu, "Ni kweli mama," nikashuka.

Barua sikuisoma. Nilibaki nayo mkononi, ikalowa jasho. Yule bwana akasimama akasema tupige kura, mikono ikanyooshwa, kiinua mgongo kikashinda kwa mbali, nikahesabu mimi mwenyewe na nikaandika mimi mwenyewe kwenye muhtasari. Mwanzoni mwa 1994 geti likafungwa. Hela zikaja mafungu mawili, la pili nikanunulia cherehani ambayo ndiyo imesomesha wanangu.

Mama wa matundu nilimkuta baada ya miaka kama minne hivi, barazani Majengo, ana cherehani ya mkono, anapunguza mashati ya mtumba ya watu. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwa, akaniitikia kwa furaha kweli, tukaongea mvua, tukaongea uwele ulivyokataa mwaka ule, magoti yake. Nilikaa pale karibu saa nzima na sikuligusa jambo lile, na yeye hakuligusa. Alishatangulia sasa.

Wenzangu wa zamani tukikutana msibani wapo wanaosema yule mama alitumwa na ofisi aje aniaibishe. Sijawahi kuamini. Wengine wanasema alinisuta na nilistahili. Hilo naweza kulikubali, lakini kadiri ninavyozeeka naona kama hata kusuta hakukuwepo, alisikia nasema habari ya kazi yetu akaja kuitafuta kazi yake kwenye nguo yangu, hakuikuta, akasema hakuikuta. Sijui. Ninachokijua ni barua ile haikufika kwa mtu na mimi ndiye niliyeishika. Isingeokoa kiwanda pengine. Viwanda vikubwa kuliko chetu mara mia vilianguka miaka ileile, vingine vilijengwa kwa misaada ya nchi kubwa na bado vikaanguka. Ila haikufika.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walipokubaliana kwamba mitumba iondoke kabisa ifikapo 2019, nilikaa kwenye redio kama mtu anayesubiri matokeo ya mtoto. Halafu wafanyabiashara wa nguo hizo kule Marekani wakalalamika, Marekani wakatishia kutuondoa kwenye AGOA, ule mpango wao wa kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma, na sisi na Uganda tukarudi nyuma, Rwanda peke yake ikang'ang'ana na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye ule msamaha wa ushuru. Nilitaka tung'ang'ane na sisi. Na usiku huohuo nikawa najiuliza, dada yule wa jirani mwenye watoto watano, kesho angewavika nini, nani angemshonea kwa shilingi ngapi, na pamba yetu yenyewe ya kule Shinyanga na Simiyu sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa pamba. Sikupata jibu na mpaka leo sina.

Mjukuu alirudi na sindano na uzi mweupe, akakaa chini akaniangalia. Nikamwonyesha, unakusanya kwanza hizi nyuzi zilizofumuka, unazilaza upande mmoja, unazungushia taratibu, ukifika kwenye ncha unakingamisha, moja, mbili, tatu, unakaza. Akaniuliza kwa nini tatu. Nikamwambia ndivyo lilivyokuwa tundu la mashati ya Dodoma. Akataka ajaribu la chini yake ambalo bado zima, nikamwachia. Mshono wake wa kwanza ulikwenda upande, wa pili pia. Nikaufumua, nikamwambia anza tena, na taa ilikuwa hafifu kwa hiyo tukasogea dirishani.