Nilihama na paka, paka akaninunia

Tumehama Tanga kuja Dar miezi mitatu sasa, mimi na paka wangu Chausiku, na wiki mbili za kwanza nilimchukia kabisa. Tanga alikuwa paka wa uani, anashinda juu ya bati la jiko, akisikia natikisa mfuko wa dagaa anashuka mbio. Huku ni chumba na sebule, geti linafungwa, basi akaingia uvunguni hatoki, usiku analia kama mtoto mchanga, halafu akaanza kukojolea nguo zangu. Zangu tu, za mume wangu hagusi! Jirani akasema huyo ana visasi, mwingine (si mnajua watu wetu na paka) akasema mchunguzeni, pengine sio paka huyo.

Mi nikaona asante ya punda ni mateke. Nimlishe, nimpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa, malipo ndo haya?

Daktari wa mifugo akampima kibofu kwanza, kizima. Akaniuliza, umemletea nini cha kule alikotoka? Nikakumbuka gunia lake la kulalia, nililitupa siku ya kuhama nikanunua kigodoro kipya. Kumbe paka anapojisugua shavu kwenye mguu wa meza anaweka harufu yake, ndo anajua hapa ni kwake, na mi nimemleta kwenye nyumba ambayo hainuki yeye hata kidogo, kitu pekee anachokijua ni nguo zangu. Kisasi wapi, ni hofu.

Na mimi nilikuwa namdai sana, jamani. Nataka anipokee mlangoni kama mbwa wa kaka yangu, mgeni akija namvuta apakatwe, akilala chali namshika tumbo, akiniparua nanuna. Kumbe akikuonyesha tumbo ni kwamba anakuamini, hajasema umshike!

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliandika kwamba ukimwangalia paka huku unafumba macho taratibu, naye anafumba, na anakuwa tayari zaidi kukusogelea. Nikalala sakafuni namfumbia macho kama mwehu, mume wangu ananicheka, siku ya nne akajibu.

Kukojoa kumeisha. Lile shati la bluu sijalivaa tena, nimemwachia hukohuko uvunguni analalia.