Ufundi wa keki huanzia kwenye mizani

Anayetaka kuingia kwenye kazi ya keki huulizia maua kwanza. Waridi la krimu linatokaje, dhahabu inapakwaje, keki ya ghorofa nne inasimamaje. Ni maswali mazuri, ila hayakupaswa kutangulia. Anayeanzia kwenye maua huishia kuwa na keki inayopendeza kwenye picha na kukaba kooni, na mwisho wa mwezi hajui hela imepitia wapi. Vifaa vinavyoamua nani atadumu kwenye kazi hii ni viwili, na vyote ni vya bei ndogo: mizani na kikokotoo.

Tuanze na mizani. Kikombe cha unga wa ngano ukikichota moja kwa moja kwenye mfuko kinaweza kubeba gramu 150. Unga huohuo ukiuchekecha na kuumwaga taratibu, kikombe kilekile kinabeba gramu 120 hivi. Kwenye vikombe vitano umeshapishana gramu 150, na ndiyo sababu keki ya Jumamosi ilikuwa laini na ya Jumanne kavu, ilhali "hujabadilisha kitu". Mteja wa pili hajali kwamba ya kwanza ilitoka vizuri.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi kukariri kwa sababu kila kitu kinalingana: siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga gramu 250, mayai 5 (yai la kawaida bila ganda ni kama gramu 50, kwa hiyo nayo ni 250), beking pauda vijiko vya chai viwili vilivyosawazishwa, chumvi kidogo, maziwa vijiko vya mezani viwili au vitatu. Hii inaingia kwenye bati la duara la sentimita 20 lenye kina cha sentimita 7 au 8. Mchanganyiko ufike nusu ya bati na kidogo, usivuke theluthi mbili. Oveni nyuzi 165, dakika 50 hadi 60. Ukishakipika kipimo hiki mara kumi bila kugusa kitu, ndipo uanze kuongeza kakao, ndizi au maganda ya limau.

Sasa siagi, ambako wengi wa Pwani huharibikiwa bila kujua. Mapishi mengi ya mitandaoni yanasema siagi iwe "kwenye joto la chumba". Aliyeyaandika chumba chake kina nyuzi 20. Chumba chako Tandika, Dar es Salaam, mwezi wa pili kina nyuzi 30 na zaidi, na siagi iliyolala mezani humo imeshaanza kuwa mafuta. Kazi ya kupiga siagi na sukari ni kuingiza hewa, na mafuta yaliyoyeyuka hayashiki hewa. Utapiga dakika ishirini, mchanganyiko utang'aa badala ya kuwa mweupe, na keki itatoka fupi na nzito. Toa siagi kwenye friji dakika kumi tu kabla ya kuanza, ibonyeze kwa kidole: kidole kiache alama lakini kisizame. Bakuli nalo likae kwenye friji. Piga mpaka rangi ipauke na sukari isisikike sana ukisugua kati ya vidole. Kwa mashine ni dakika 6 hadi 8. Kwa mwiko, jiandae na bega.

Mayai ingiza moja moja, kila moja lichanganyike kabla ya jingine. Yakiwa ya baridi sana, au ukiyamwaga yote kwa mpigo, mchanganyiko unagawanyika na kuonekana kama maziwa yaliyokatika. Ukiona hivyo weka kijiko cha unga, uendelee. Unga ukishaingia, acha mashine, tumia mwiko mpana na ukunje tu, yaani ugeuze taratibu kutoka chini kuja juu. Kuendelea kupiga baada ya unga kunaamsha gluteni, ule unato wa unga wa ngano, na ndiyo inayoleta yale matundu marefu ndani ya keki na ule ugumu wa mkate.

Kuna jambo wanaohama mkoa hulipata kwa machozi. Kipimo kilichokubali Dar es Salaam, usawa wa bahari, kinaweza kukugomea Mbeya au Nairobi, mita 1,700 na ushei juu. Huko mgandamizo wa hewa ni mdogo: gesi ya beking pauda inatanuka haraka, keki inapanda kwa fujo kabla haijashika, kisha inabonyea katikati. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo keki inakauka mapema. Punguza beking pauda kwa robo, punguza sukari gramu 15 hadi 20 kwenye kipimo cha 250, ongeza maziwa kijiko kimoja au viwili, na pandisha moto nyuzi 10 ili keki ishike upesi.

Keki iliyobonyea katikati sehemu za Pwani ina sababu nyingine: mlango wa oveni umefunguliwa kabla ya dakika 35, au beking pauda imezidi, au haijaiva. Iliyotoa kilima na kupasuka juu imepata moto mkali. Ganda limeshika mapema na katikati bado kunapanda. Ikiwa na mstari mzito unaonata chini, maji yamezidi au mayai yaligawanyika. Umeme ukikatika njiani usifungue mlango kuchungulia. Oveni iliyopata moto vizuri inatunza joto kwa dakika kumi na zaidi, na mara nyingi keki iliyofika dakika 45 inamalizikia humo humo.

Wasio na oveni wasikate tamaa. Moto juu, moto chini umeoka keki za mitaa yetu miaka mingi: makaa mengi kwenye mfuniko, machache chini, sufuria nene yenye mchanga au kibati ndani ili bati la keki lisiguse kitako. Kosa la kawaida ni kugawa makaa nusu kwa nusu, chini ikaungua juu bado uji. Kwa mkaa unaweza kufanya biashara ya keki moja moja. Kwa oda tano za Jumamosi, hapana.

Kikokotoo sasa. Kwetu keki huuzwa kwa kilo, na neno hilo limevunja urafiki mwingi. Kilo ya nini? Wapo wanaohesabu kilo ya unga, wapo wanaopima keki kavu, wapo wanaopima keki na krimu yake. Kipimo cha juu kina kama gramu 1,040 kabla ya kuoka; jikoni hupoteza karibu asilimia kumi kwa mvuke, zinabaki kama 930. Krimu ya siagi gramu 250, sukari ya unga gramu 500 na maziwa vijiko viwili inatosha kuijaza na kuipaka, na hapo keki inapita kilo moja na nusu. Kwa hiyo mwambie mteja kabla: kilo yangu ni hii, kipenyo ni hiki, inatosha watu kadhaa. Andika kwenye meseji, maana simu haina ushahidi.

Bei ndiyo inayoua wengi. Kanuni ya mtaani ni "malighafi mara mbili". Tuijaribu kwa namba za mfano, wewe weka za soko lako. Malighafi 18,000. Ubao na boksi 4,000. Gesi 2,000. Nauli ya kufuata vitu 2,000. Kuchakaa kwa mashine: iliyonunuliwa 400,000 ikikadiriwa kufanya keki 400, kila keki inaidai 1,000. Kazi, saa nne kwa 3,000 kila saa, ni 12,000. Jumla 39,000. Kanuni ya mara mbili inakupa 36,000. Umemlipa mteja 3,000 ale keki yako, na bado hujagusa faida. Ukiweka faida ya asilimia 20 juu ya gharama unafika karibu 47,000. Mteja akisema jirani anauza 30,000, mwache aende kwa jirani. Huyo jirani hajapiga hesabu, na akishapiga atapandisha au atafunga.

Malipo ya awali yasipungue nusu, na yaingie kabla hujanunua yai. Picha anayotuma mteja nayo ikague. Keki nyingi za ghorofa zinazozunguka mitandaoni ni maboya, yaani keki bandia za povu, yaliyovikwa fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa na kusukumwa kama chapati), ndiyo maana zimesimama wima kama minara. Muulize anataka yote iliwe au ghorofa za juu ziwe boya, maana bei na uzito vinabadilika.

Kusomea je? Njia ziko nyingi na hazilingani. VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina kozi za upishi kwenye vyuo vyake mbalimbali, pamoja na chuo cha hoteli na utalii kilichopo Njiro, Arusha. Aliyejifunzia mtaani anaweza kupitia urasimishaji wa ujuzi, akapimwa na kupewa cheti bila kuanza darasani upya. Watu wengi hawaijui njia hii na wanalipia kozi ya vitu wanavyovijua. Kenya wana Kenya Utalii College iliyofunguliwa mwaka 1975, na mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, kwa madaraja. Mwenye ndoto ya jiko la hoteli Zanzibar au Ghuba asiruke cheti, kwa sababu anayechambua maombi hajaonja keki yako. Huko pia atakutana na mikate, vitindamlo na usafi wa jiko, mambo ambayo darasa la maua haliyagusi.

Kwa biashara ya nyumbani, miezi mitatu kwa fundi mwenye oda nyingi inazidi darasa la siku mbili ambalo watu thelathini wanamtazama mmoja akipamba. Kabla ya kulipa ada yoyote uliza: wanafunzi wangapi kwa oveni moja, na nitaoka mwenyewe mara ngapi? Mitandao inafundisha kupamba vizuri na kuoka vibaya, kwa sababu zile dakika 55 za oveni, ambamo ndimo makosa yanatokea, huwa zimekatwa. Halafu si lazima uwe muokaji. Kuna wanaoishi kwa kutengeneza maua ya fondanti tu na kuwauzia mafundi wengine, kuna wanaopiga picha za vyakula, na pale Kariakoo kuna wenye maduka ya mabati na rangi wasiowahi kuvunja yai. Upande wa karatasi usisahau: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya halmashauri, kupima afya, na TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara.

Turudi kwenye maua basi, maana nilijua hamtaniacha. Joto la Pwani ndilo bosi. Siagi halisi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 32, kwa hiyo krimu ya siagi tupu kwenye ukumbi usio na kiyoyozi ni kujitafutia lawama. Changanya nusu kwa nusu na mafuta magumu ya mimea. Rangi tumia ya jeli, ya maji inailegeza krimu. Nyekundu iache ikae saa kadhaa, itakolea yenyewe bila kumwaga chupa nzima na kuacha uchungu mdomoni. Fondanti isukume iwe na unene wa milimita 3 hadi 4. Keki ya sentimita 20 inakula kama gramu 750. Ukiitoa kwenye friji kuiingiza kwenye unyevu wa Tanga au Mombasa itatoa jasho, na mkono unaoifuta unaacha alama isiyofutika. Iache kwenye boksi lililofungwa mpaka ifikie joto la nje, usiiguse. Dodoma shida ni kinyume chake: inakauka na kupasuka kabla hujamaliza kuinyoosha, kwa hiyo funika unachokiacha.

Keki ya ghorofa haisimami kwa sala. Kila ghorofa inakaa juu ya ubao wake mwembamba, na uzito unabebwa na vijiti, haubebwi na keki. Chomeka kijiti kimoja kwenye keki ya chini, weka alama usawa wa juu, kichomoe, ukate, kisha kata vyote vingine kwa kipimo cha hicho. Anayekata kila kijiti kulingana na pale kilipochomekwa anapata vijiti visivyolingana, na keki inaegemea upande kama mlevi. Ghorofa ya sentimita 20 juu ya ile ya 28 inatosheka na vitano: kimoja katikati, vinne kuzunguka.

Safari ifanywe kwa gari, keki ikae sakafuni au kwenye buti iliyo tambarare, chini yake kitambaa chenye unyevu kisichoteleza. Mapajani hapafai; yana joto na yameinama. Bajaji kwa keki ya ghorofa moja, ukiwa nayo wewe mwenyewe na barabara ikiwa ya lami, sawa. Ghorofa tatu zibebe mbalimbali, ukazipandishe ukumbini, na ubebe krimu ya ziada, kisu cha kupakia na waridi mbili za kuzibia aibu.

Ukifika, mtafute atakayekata. Kwenye sendofu na harusi zetu keki haiishii kwa maharusi: kuna ya wakwe, kuna ya wazazi, na MC akishachangamka hakumbuki lolote, labda ile "keki" nyingine, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Mwoneshe mkataji vijiti viko wapi na ni vingapi, umwandikie idadi kwenye kikaratasi chini ya ubao: vitano chini, vinne juu. Avihesabu vyote kabla kipande cha kwanza hakijaenda kwa mtoto.