Siku mama alipoulizwa kuhusu mahari

Baba alizikwa Tororo mwaka 2003. Mwili ulikuwa umeshaoshwa na kuvishwa sanda, jeneza limewekwa uani chini ya mwembe, na wanaume walikuwa wanajipanga safu kwa ajili ya sala. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, nami ubavuni pake nimemshika mkono. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo kila neno la shehe lilitufikia.

Shehe alisema yanayosemwa kila maziko: marehemu alikuwa binadamu, ameishi na watu, amekopa na kukopesha. Aliyekosewa amsamehe, na anayemdai ajitokeze, maana deni halifi na mtu. Akakumbusha kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiletewa jeneza huuliza kwanza kama marehemu ana deni. Fundi baiskeli akasema anadai pesa ya tairi. Kaka yangu akamlipa palepale.

Kisha nikasikia hatua zinakuja barazani. Alikuwa baba mkubwa, aliyefika usiku ule kutoka Soroti. Alisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji."

"Abee, shemeji."

"Pole kwa msiba. Mimi nilikuwa shahidi wa ndoa yenu. Mahari ilikuwa elfu moja. Tulitoa mia nne, mia sita zikabaki shingoni mwa ndugu yangu. Nakuomba, mbele ya hawa mama, umsamehe aende akiwa mwepesi."

Kwetu mjane akiulizwa hivyo hujibu mara moja kwamba amesamehe. Nimehudhuria misiba mingi, na sijasikia jibu lingine. Hata mjane aliyepigwa miaka yote ya ndoa yake husema amesamehe, kwa kuwa jeneza liko nje na watu wanasubiri.

Mama akasema, "Simsamehe."

Chumba kizima kiligeuka. Shangazi mmoja akanong'ona, "Ee Mola." Nje, baba mkubwa hakusema kitu. Nilimbana mama mkono, nikidhani majonzi yamemzidi.

Lakini mimi nilikuwepo deni lile lilipolipwa, na alipovuta pumzi kuendelea nikakumbuka.

Walioana 1971, mwaka ambao Amin alichukua serikali. Baba alikuwa gadi wa Reli ya Afrika Mashariki, kijana mwenye filimbi, bendera na taa yake, na mia sita aliahidi kuzimaliza ndani ya mwaka. Haikuwezekana. Watoto walikuja, Jumuiya ikavunjika 1977 naye akiwa kazini Eldoret, akarudi Uganda wakati wa magendo, sukari na sabuni vikiuzwa kwa mlango wa nyuma na mshahara wa gadi ukiisha kabla ya wiki kwisha. Tulikaa kota za reli. Dereva wa treni aliyokuja nayo baba alikuwa akipiga honi fupi akikaribia stesheni, na mama akiisikia, hata kama ni saa tisa za usiku, huinuka kuinjika maji ya kuoga. Hakuna aliyemwamrisha. Naye baba akiingia, kabla ya kuoga, hukaa jikoni kumsimulia safari nzima: nani alipanda Busembatia, mzigo gani uliachwa Jinja. Nililala nikiwasikia. Ndoa nyingi nilizoziona baadaye hazikuwa na mazungumzo kama yale.

Miaka hiyo mama alimwambia mara nyingi aachane na deni la mahari, yeye amekwisha kumsamehe. Baba alikataa. "Unanisamehe kwa sababu unaona sina," alimwambia. "Ngoja niwe nacho, ndipo uamue."

Ikaja 1987, serikali ikabadili fedha. Sifuri mbili zikaondolewa, na juu yake kodi ya asilimia 30. Baba alipiga hesabu mezani, nami nikimwangalia: mia sita za zamani ni shilingi sita mpya, kodi ikikatwa ni nne na senti ishirini. Kipande cha sabuni kisingepatikana. Kisheria pengine angeweza kumwekea mama zile shilingi mkononi na deni likaisha. Wapo waliofanya hivyo. Baba alikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mchuuzi wa ng'ombe tangu utawala wa kwanza wa Obote, akamuuliza: mwaka tuliooana, mia sita ingenunua nini? Mzee akamjibu, mtamba mzuri.

Basi ikawa ni mtamba. Ng'ombe walikuwa adimu wakati ule, Teso yote ilikuwa imeporwa mifugo na wavamizi kutoka Karamoja, na bei ilikuwa imepanda. Baba alijinyima mwaka mzima na zaidi. Aliacha sigara, akauza taa yake nzuri ya karabai. Aliporudi na mtamba kutoka upande wa Busia, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, hakumfunga kwanza. Alimwita imamu wa msikiti wetu na jirani mmoja, akamwekea mama kamba mkononi.

"Sasa ninacho," alisema. "Ukitaka kunisamehe, nisamehe leo."

Mama aliishika ile kamba. Wala hakuirudisha. Alimpeleka ng'ombe wake nyuma ya nyumba, na kwa maziwa yake mimi nilisoma hadi nikawa mwalimu.

Hayo ndiyo mama aliyomweleza baba mkubwa kupitia pazia, kwa maneno machache kuliko haya. "Shemeji, sina cha kumsamehe," alimalizia. "Nikisema nimesamehe nitakuwa nasema hakulipa. Alinilipa, na shahidi ni huyo shehe aliyesimama uani."

Kweli, imamu wa wakati ule ndiye aliyekuwa akiongoza jeneza siku ile, mzee sasa. Nilimsikia akisema kwa sauti ya kufika safu ya mwisho: "Nilikuwepo. Alilipa."

Baba mkubwa alilia. Alikuwa mtu mkavu, hatukuwahi kumwona akilia, na alilia pale barazani kwetu kwa sauti, akirudia, "Hakuniambia. Ndugu yangu hakuniambia." Kisha akaenda safuni. Tukasikia takbira nne, wakamnyanyua, wakaondoka naye. Mama ndipo alipolala chini, akaweka kichwa mapajani mwangu, akalia mpaka wanaume waliporudi.

Eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi, ukoo ulikutana kugawa mirathi. Mama alikuwa na thumuni yake kama mke mwenye watoto, sisi tukiwa na mafungu yetu. Walizunguka boma wakiandika mali. Walipofika zizini, penye uzao wa yule mtamba, kijana aliyeshika kalamu akaanza kuhesabu. Baba mkubwa akamshika mkono.

"Hawa ni wa shemeji. Usiwaandike."

Wakaenda kwenye baiskeli.