"Wewe Mwafrika, Utanielewa"

Mwaka wangu wa pili hapa Ujerumani, jirani wa ghorofa ya juu alinikuta nikimpangusa mwanangu kamasi kwenye uwanja wa watoto. Akachomoa mkobani kichupa cha vipunje vyeupe, vidogo kama mtama. "Mpe globuli tatu chini ya ulimi. Wewe Mwafrika, utanielewa. Nyinyi mnajitibu kwa asili, hamkimbilii sindano."

Mimi huyu? Begani nina kovu la chanjo ya kifua kikuu, na marehemu mama aliitunza kadi yangu ya kliniki kuliko cheti chake cha ndoa.

Halafu homeopathi, yaani tiba ya vipunje hivyo, si mitishamba. Mwarobaini ukiuonja, unajua umeonja kitu. Globuli ni sukari tu. Mwanzilishi wa homeopathi ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790, akiwa mzima wa afya, alijaribu gome la sinkona, mti unaotoa kwinini, akahisi dalili kama za malaria. Akajenga nadharia kwamba kinachomtia mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Nami nimewahi kumeza kwinini, tena nikiwa taabani. Masikio yalivuma kama mzinga wa nyuki, mdomo ukawa shubiri, lakini homa iliondoka, haikuja.

Dawa yenyewe huzimuliwa. Kichupa cha jirani kiliandikwa C30: sehemu moja ya dawa kwa 99 za maji au pombe, unatikisa, unachukua sehemu moja ya hapo unazimua tena, hivyohivyo mara 30. Ukishapita mara ya 12, kupata hata molekuli moja ya dawa ya mwanzo ni bahati nasibu. Jirani ni mhasibu, kwa hiyo nikampigia hesabu nyuma ya bahasha: sehemu moja ya dawa kwa moja ikifuatwa na sifuri 60. Akaziangalia sifuri zangu kwa utulivu. "Maji yanakumbuka," akasema.

Kwa mafua sikuwa na neno, maana mafua huisha yenyewe. Na nikiri jambo moja: daktari wangu hunimaliza kwa dakika chache, macho kwenye kompyuta, ilhali mtaalamu wa homeopathi wa jirani anakaa naye saa nzima akimuuliza analalia ubavu gani na anaota nini. Saa kama hiyo hata mimi ningeilipia.

Ugomvi ulianza kwenye surua. Tangu Machi 2020 sheria ya hapa inamtaka mtoto aliyetimiza mwaka awe na uthibitisho wa chanjo ya surua, au wa kinga, kabla hajapokewa chekechea. Mzazi anayekaidi anaweza kutozwa faini hadi euro 2,500. Wazazi waliokwenda Mahakama ya Katiba walishindwa mwaka 2022. Jirani alitafuta daktari wa kumwandikia barua ya kumsamehe mtoto wake chanjo, akakosa. Akaniletea hoja kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Nikamwambia utafiti uliozua hoja hiyo, wa daktari Andrew Wakefield wa mwaka 1998, ulikuwa wa watoto 12 tu, na mwaka 2010 jarida la kitabibu la Lancet lililouchapisha liliufuta na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. "Unaona? Wamemnyamazisha."

Wiki hiyohiyo shangazi akatuma sauti kwenye kundi la familia: chanjo za wasichana ni njama ya kufunga kizazi. Shangazi na jirani hawajuani wala hawana lugha ya kuelewana, ila wangekutana wangeandaliana chai. Jirani naweza kubishana naye hadi jioni. Shangazi nalazimika kuanza na shikamoo, na ukishaanza na shikamoo nusu ya hoja zako zimekwisha. Nikamsimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, aliyeugua ndui mwaka 1977, mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akawa akihimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio. Shangazi alijibu kwa vikono vya dua. Mpaka leo sijui vilimaanisha nini.

Jirani nilimwekea akiba moja. Mwaka 1796, Hahnemann alipochapisha nadharia yake, ndio daktari Mwingereza Edward Jenner alipomchanja mtoto wa miaka minane kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe. Na Hahnemann hakuipinga chanjo hiyo. Kwenye kitabu chake aliitaja kama mfano wa kuunga mkono nadharia yake. Hilo lilimnyamazisha kwa muda, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Mtoto wa jirani alichanjwa Jumanne. Kabla ya sindano alipewa globuli za Thuja, na baada ya sindano akapewa tena, "kuondoa sumu". Hakupata homa wala upele. Jioni mama yake akagonga mlango wangu, uso umemjaa furaha, kichupa mkononi.

"Umeona Thuja ilivyofanya kazi?"

Nilimtazama mtoto, ana plasta yake yenye picha ya dubu mkononi.

"Nimeona," nikasema. "Karibuni ndani."