Tulivyozinyoosha kanuni za amri na mapigano katika mchezo wa vita vya 1815

Mchezo tunaoucheza Jumapili alasiri hapa Kisumu unahusu vita vya Juni 1815 nchini Ubelgiji, kati ya Napoleon wa Ufaransa kwa upande mmoja na Wellington wa Uingereza na Blücher wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, kwa upande wa pili. Kijitabu chake cha kanuni kimechapishwa vizuri, lakini kina sehemu mbili zilizotugombanisha tangu mwanzo, yaani ile ya amri na ile ya mapigano. Kila moja ikisomwa peke yake inaeleweka. Shida huanza zinapokutana juu ya kete moja.

Kwa asiyeijua michezo ya aina hii, ramani imegawanywa katika pembesita, na kila kete ya kikosi ina namba mbili, moja ya nguvu ya kupigana na nyingine ya mwendo. Kete ya jemadari ina namba ya masafa, ambayo ni idadi ya pembesita ambazo amri yake inaweza kufika. Kikosi kilicho nje ya masafa hayo hakiruhusiwi kusogea hadi kupakana na adui, na kikishambulia, nguvu yake hupunguzwa nusu. Mapigano huamuliwa kwa kutafuta uwiano wa nguvu za pande mbili kwenye jedwali, kisha dadu hurushwa.

Ubishi mkubwa ulihusu wakati. Kijitabu kinasema kikosi lazima kiwe ndani ya masafa ya jemadari wake, lakini katika aya hiyo hakisemi ni wakati gani. Mwenzetu mmoja, fundi wa pikipiki kule Kondele, kijana mwenye macho makali ya kusoma kanuni, aliutumia mwanya huo vizuri sana: alisogeza vikosi vya upande wa kushoto jemadari akiwa karibu nao, halafu akampeleka jemadari huyo huyo mbio hadi upande wa kulia, ili vikosi vya huko navyo vihesabiwe kuwa chini ya amri wakati wa kushambulia. Mtu mmoja akaongoza mbawa mbili za jeshi katika zamu moja. Mwalimu mstaafu wa historia, ambaye sote tunamwita Jaduong', alikataa kata kata. Kijana akamjibu kwa adabu, "Jaduong', nionyeshe mahali kitabu kinaponikataza." Hapakuwa na mahali.

Tungeweza kumteua mwamuzi. Mchezo wa vita wa Prussia, ambao ofisa Reisswitz aliutoa mwaka 1824, ulikuwa na mwamuzi, na mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake mwenyewe. Njia hiyo inawafaa maofisa wenye mkuu wao chumbani. Sisi ni wachache, na kila mmoja amekuja kucheza.

Nilichofanya ni kuchukua karatasi na kuandika hatua zote za zamu kwa mfuatano wake: mwendo, mapigano, kisha kujipanga upya. Mbele ya kila kanuni nikaandika maswali mawili: inapimwa wakati gani, na jibu lake linadumu hadi lini? Pale ambapo aya ya kanuni ilikuwa kimya, nilikwenda kwenye mfano wa mchezo uliochapishwa kurasa za mwisho, ambao wachezaji wengi huuruka. Humo kuna brigedi inayoshambulia kwa nguvu yake yote ingawa jemadari wake amekwisha kuondoka katika awamu ya mwendo. Mfano huo unaeleweka kwa namna moja tu, kwamba amri hupimwa mara moja, mwanzoni mwa awamu ya mwendo, na hali hiyo haibadiliki hadi zamu iishe. Mbio za yule jemadari zikakoma siku hiyo hiyo, na kijana hakulalamika, kwa kuwa jibu lilitoka kitabuni.

Jibu hilo pia linakubaliana na jinsi amri zilivyosafiri enzi hizo, mkononi mwa mpanda farasi. Tarehe 16 Juni 1815, kikosi cha d'Erlon, jemadari wa Napoleon, watu wapatao 20,000, kilikuwa njiani kuelekea Quatre Bras, ambako mkuu wake Ney alikihitaji, kilipogeuzwa kuelekea Ligny kwa amri iliyotoka kwa Napoleon. Ney akakiita kirudi. Kikapoteza siku njiani bila kupigana vita vya maana upande wowote. Jaduong' anakipenda kisa hiki na hukisimulia kila tunapompa nafasi, lakini safari hii kilikuwa mahali pake: amri ikishapokelewa haifutiki kwa sababu jemadari amegeuza farasi, wala mpya haifiki papo hapo.

Kanuni ya pili iliyotusumbua inasema kila kikosi kinachopakana na adui lazima kishambulie. Basi kikosi kilichokosa amri huku tayari kikipakana na adui kifanyeje? Nilipozisoma kanuni zote mbili pamoja, niliona kwamba zuio ni la kusogea hadi kupakana, si la kuwa hapo. Kinashambulia, kwa nusu ya nguvu.

Na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa na mtego. Chukua vikosi viwili vyenye nguvu 5 kila kimoja, vyote nje ya amri, vikimshambulia adui mwenye nguvu 5. Kijitabu kinataka visehemu vidondoshwe. Ukigawa kila kete peke yake unapata 2 na 2, jumla 4, na kwa kuwa uwiano hukadiriwa kwa kumfaa anayejilinda, 4 dhidi ya 5 inashuka hadi safu ya 1 kwa 2 kwenye jedwali. Ukijumlisha kwanza ndipo ugawe, unapata 5 dhidi ya 5, yaani 1 kwa 1. Kete ni zile zile na adui ni yule yule, ila safu mbili hizo zinatofautiana sana kwa anayeshambulia. Tulichagua kugawa kila kete peke yake, kwa kuwa kanuni inataja nguvu ya kikosi, haitaji nguvu ya shambulio.

Anayejilinda nje ya amri hapunguziwi kitu, na hapo kitabu kiko wazi. Jaduong' alitaka tuongeze kanuni ya risasi, akitaja shamba la La Haye Sainte kwenye uwanja wa vita wa Waterloo, ambako Meja Baring wa jeshi la Wellington alijihami na watu wapatao 400 hapo mwanzo, hadi risasi zilipowaishia na shamba likatekwa jioni. Hoja yake ni ya kweli. Hata hivyo nilimkatalia, kwa kuwa kufafanua kanuni ni kazi moja na kutunga mpya ni nyingine, na tukianza kutunga hatutamaliza mchezo hata mmoja.

Karatasi hiyo niliipeleka saiba, nikaichapisha pande mbili na kuiwekea plastiki. Juu yake nimeandika mfuatano wa rufaa: kwanza aya ya kanuni, kisha mfano uliochapishwa, na historia pale tu ambapo vyote viwili viko kimya.

Mfuatano huo ulimbana Jaduong' mwenyewe muda mfupi baadaye, akiwa Napoleon. Kijana alivipanga vikosi vya Wellington na vya Blücher kushambulia kete moja kwa pamoja. Jaduong' akapinga kwamba yale yalikuwa majeshi mawili yenye majemadari wawili, jambo ambalo hakuna awezaye kulikana. Aya, hata hivyo, inasema vikosi vyote vinavyopakana na anayelengwa vinaweza kuunganisha nguvu, na haitofautishi majeshi. Tukapima kila kikosi kwa jemadari wake, mwanzoni mwa awamu ya mwendo. Vya Wellington vilikuwa ndani ya masafa, kimoja cha Blücher kilikuwa nje, nguvu yake ikapunguzwa nusu. Uwiano ukatoka 2 kwa 1, na kijana akarusha dadu.