Taya la Simba: siku 9 za kuvuta bure, kisha njiti mbili za kiberiti

Simba, mtoto wa mbwa, alikuja kwangu akiwa na wiki 8, na taya lake la chini lilikuwa fupi. Akifunga kinywa, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini zilipita njiti mbili za kiberiti zikiwa pamoja. Niliingiwa na hofu, nikaanza kuuliza watu.

Mmoja alisema nimrudishe nilikomtoa. Mwingine, mfugaji wa miaka mingi, aliniambia nimshike kidevu asubuhi na jioni nimvute taya kuja mbele: "Mfupa wa mtoto ni laini, utafuata mkono." Nikamwamini. Nilivuta siku 9. Taya halikusogea hata unywele. Kilichobadilika ni Simba mwenyewe. Akiona mkono wangu unashuka anakimbilia chini ya kiti, na siku ile ya tisa alitoa sauti ndogo, nyembamba, ambayo mpaka leo nikiikumbuka inaniuma. Niliacha palepale. Taya halirefuki kwa kuvutwa, na anayekwambia linarefuka hajawahi kupima.

Sasa nikawa na mbwa asiyetaka kuguswa mdomo, na mdomo ndio niliohitaji kuutazama. Hapo ndipo nilipopata mbinu ninayojivunia. Mtoto wa mbwa akishiba hulala fofofo, na taya hujifunga lenyewe. Nilikuwa nakaa sakafuni kando yake, nasubiri mpaka miguu ianze kumrukaruka kwa ndoto, kisha kwa kidole kimoja naunyanyua mdomo wa juu upande wa shavu na kumpiga picha ubavuni. Kila Jumapili. Hilo la kinywa kufungwa msilipuuze: ukimpanua mbwa kinywa utahesabu meno, lakini hutaona yanavyokutana.

Picha ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Chonge za chini, kali kama sindano, zilitakiwa zikae mbele ya chonge za juu. Za Simba zilipanda nyuma ya zile za juu na kuchoma kaakaa. Alipopiga miayo nikaviona vishimo viwili vyekundu huko juu. Kumbe ndizo zilizokuwa zimelitia taya komeo! Taya la juu na la chini hayakui kwa mwendo mmoja. Leo hili linatangulia, kesho lile linafuata. La Simba likitaka kusogea mbele, chonge zinalizuia.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akiwa na wiki 10 alipigwa nusu kaputi, chonge mbili za chini za utoto zikang'olewa na mizizi yake mirefu. Gharama haikuwa ya mchezo. Daktari alinieleza wazi kwamba kung'oa hakulirefushi taya, kunaliachia tu likue kadiri ya asili yake. Kama kwa asili ni fupi, litabaki fupi.

Wiki ya 14 ilipita njiti moja. Miezi 4 meno ya mbele yakaanza kudondoka, mengine nikayaokota kwenye mkeka, na michezo ya kuvutana kamba nikaisimamisha. Mwenye mbwa wa aina ya Boxer asipime kwa njiti zangu, maana kwa mbwa wale taya la chini kutangulia ndilo umbo lao.

Miezi 5 likaja jingine. Chonge mpya ya juu kushoto ilichomoza mbele ya ile ya utoto, nayo ya utoto imeng'ang'ania. Nikaambiwa tena nisubiri, itatoka yenyewe. Safari hii sikusikiliza mtu. Meno mawili ya aina moja hayatakiwi kukaa mahali pamoja, la zamani humsukuma mwenzake nje ya mstari. Likang'olewa wiki hiyohiyo, na jipya likashuka vizuri.

Kufikia miezi 7 alikuwa na meno yote 42, kutoka 28 ya utotoni. Njiti haipiti tena. Meno ya juu yanapita mbele ya ya chini kama makasi, isipokuwa kijinafasi kidogo upande wa kulia ambacho hakijabadilika tangu hapo. Sasa ana miezi 10.

Kumzalisha, sitamzalisha. Urefu wa taya hurithiwa, na tulichomtoa Simba ni komeo tu. Zile chonge mbili ninazo kwenye kiboksi cha kiberiti, pamoja na njiti zake.